Miaka Sita ya Kaizirege

Taa ya mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ilibadilika watu wakiwa kanisani. Waliingia misani ikiwa kijani, kama walivyoizoea, wakatoka wakaikuta manjano, na padre mwenyewe, akiwa bado na mavazi ya misa, alisimama mlangoni mkono juu ya macho akiitazama. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walivua viatu vyao vya Jumapili, wakavishika mkononi, wakateremka hadi majini na kuanza kupandisha mitumbwi nchi kavu. Manjano maana yake Mizani, mashine inayolilinda ziwa, inapima, na Mizani ikipima, hakuna ndoana inayoshuka katika ghuba ya Kashonga.

Nyekundu hawakuwahi kuiona kwao. Walioiona ni watu wa Nyabugera, kisiwa kile kinachoonekana ng'ambo kukiwa hakuna ukungu. Kule taa iliwaka nyekundu, zikaja boti kubwa zisizo na nahodha, zikapakia watu, vitanda, kuku na picha za watakatifu, zikawapeleka bara. Siku hizi Nyabugera wanakaa ndege tu, korongo.

Apolonia Kemilembe hakuteremka mwaloni. Alirudi kwenye benchi lake la nyuma, akamaliza rozari bila kuruka chembe, kisha akaenda nyumbani kuangalia maharage aliyoyaacha jikoni. Alikuwa mjane wa Kaizirege, mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kukitazama kitu mpaka akimalize ndipo aseme neno juu yake. Taa ilimsikitisha kama ilivyowasikitisha wengine. Hakujua kwamba itaishia mlangoni pake.

Habari hiyo aliletewa kesho yake na shemeji yake, Rugemalila, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa mwalo. Alikuja na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na Apolonia akajua papo hapo kwamba kuna jambo anatakiwa, maana Rugemalila akija kusalimu tu huja mikono mitupu. Wakatafuna buni mbili tatu, wakaulizana habari za mgongo na za mvua, hadi shemeji akafika alikokuwa anakwenda.

Mizani, alisema, imewapima kamongo wakubwa wa ghuba, wale wanaotaga, ikakuta wana miaka kumi na minne. Na sheria ya ziwa ni ile ile: maji ambayo wazazi wake wamepita miaka kumi yanapumzishwa, mpaka watoto wafikie umri wa wazazi wao.

"Miaka kumi na minne ya kukaa bara kwenye ghorofa, shemeji," alisema. "Mimi hapo nitakuwa nimeshakwenda kumsalimu kaka."

"Mungu akujalie ukamsalimu ukiwa umejiandaa."

"Najiandaa vipi na wewe ndiye unayenitangulizia jeneza?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. Akamweleza kwamba daktari wa samaki amefika, yuko nyumba ya mapadre, na amegundua jambo. Atakuja kumuuliza namna Kaizirege alivyokuwa akihesabu mwaka. "Wewe mwambie alihesabu kwa mvua. Neno moja tu. Taa inarudi kijani jioni ile ile."

Apolonia aliitazama buni iliyobaki kiganjani mwake.

"Si alihesabu kwa mvua?" Rugemalila aliuliza. "Au umesahau jubilei?"

Nani angesahau jubilei. Pale Kashonga wazee wa zamani waliuhesabu mwaka kwa mvua: vuli ikinyesha ikaisha, mwaka, masika yakinyesha yakaisha, mwaka mwingine. Mtoto wa miaka kumi kwa hesabu hiyo alikuwa bado anang'oka meno ya mbele. Desturi ilikufa shule zilipokuja, ikabaki midomoni mwa wachache, na Kaizirege alikuwa mmoja wao, nusu kwa kuizoea na nusu kwa utundu. Siku moja alikwenda kwa padre aliyekuwapo wakati ule, amevaa koti, kudai misa ya jubilei ya fedha ya ndoa yake. Padre akafungua kitabu cha parokia, akamwambia kwamba yeye na mkewe hawajafikisha hata miaka kumi na mitatu. Kaizirege akamjibu, "Hiyo ni miaka ya kwenu, Padre. Sisi huku tumelala kitanda kimoja kwa mvua ishirini na tano." Kisiwa kizima kilicheka mwezi mzima. Hata padre alicheka, na misa akawasomea.

* * *

Daktari wa samaki aliitwa Nakijwa, msichana wa Kipare mrefu, mwenye viatu vilivyojaa tope na heshima nyingi. Aliinama kusalimu, akakataa kiti akakaa kwenye mkeka, na kabla ya yote akasema kwamba kile kisa cha jubilei alisimuliwa na padre wakati wa chakula, akacheka pamoja na wengine, kisha usiku usingizi ukampaa.

Akamweleza Apolonia taratibu, kama anayefungua fundo. Samaki wa porini hana cheti cha kuzaliwa. Huwezi kumwangalia urefu ukajua umri wake, kwani yupo aliyeshiba akakua upesi na yupo mwenye dhiki aliyedumaa. Kinachobaki ni kijiwe cha sikio, kijiwe kidogo kama punje ya mchele kilicho kichwani mwake, kinachoongezeka tabaka juu ya tabaka tangu anapototolewa. Samaki akila vizuri tabaka huwa pana na jeupe. Akikosa, au akilala, huwa jembamba na jeusi. Kamongo hulala. Maji yakikauka ukingoni mwa mafunjo anajizika kwenye tope, anajikunja, anangoja, na kile kungoja kunaandika pete nyeusi kwenye kijiwe chake.

Alitoa hadubini ndogo kwenye mkoba, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akamkaribisha mama aangalie. Apolonia alifunga jicho moja. Aliona kitu kama shina la mti lililokatwa, lakini dogo, linalong'aa, duara ndani ya duara.

"Hesabu, mama."

Akahesabu. Akapata kumi na tatu. Akarudia, akapata kumi na tano. Pete za katikati zilikuwa kama moshi, haijulikani ya kwanza inaanzia wapi, na zile za ukingoni zilibanana kama watu kwenye mlango wa kanisa siku ya Pasaka.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Mimi mwenyewe jana nilipata kumi na tatu, leo nimepata kumi na nne. Tukiwa watu watano tutatofautiana watano. Hilo tumelizoea, tunalipa nafasi yake." Nakijwa aliifuta lenzi kwa kitambaa. "Ninalolihofia liko nyuma ya hilo. Pete ni za kiangazi. Lakini huku kwenu kuna viangazi viwili, kile kirefu na kile kifupi. Kamongo akijizika kimoja tu, pete moja ni mwaka. Akijizika vyote viwili, mwaka mmoja una pete mbili, na hawa wa kumi na nne ni wa miaka saba."

"Na Mizani haikuliona hilo?"

"Mizani ilifundishwa na marehemu mzee wako."

Apolonia alilijua hilo kwa nusu. Alikumbuka wale wageni, miaka mingi nyuma, sangara walipokwisha ziwani na watu wakageukia kamongo ambaye bibi zao hawakutaka hata kumgusa. Wageni walitaka samaki ambao umri wao unajulikana, ili Mizani iwe na pa kuanzia, na ziwa zima palikuwa na mtu mmoja aliyewafuga kamongo kwenye bwawa la ukingoni tangu wakiwa saizi ya kidole. Kaizirege aliwatoa mmoja mmoja na kuwatajia: huyu miaka miwili, huyu minne, huyu sita. Wakapasuliwa. Wa miwili alikuwa na pete mbili, wa minne nne, wa sita sita. Wageni walifurahi wakapeana mikono. Pete moja, mwaka mmoja. Kutoka bwawa lile hesabu hiyo ikaenda kila ghuba.

"Tarehe za siku ile zilipotea kwenye mafuriko makubwa," alisema Nakijwa. "Waliokuwapo wamefariki. Kilichobaki ni sauti. Nikikusikilizisha utaumia?"

Apolonia alisema hapana, na haikuwa kweli.

Nakijwa alikigusa kidude kilichokuwa kifuani pake kama kishikizo. Kuku walilia ndani yake. Maji yakamiminwa. Kisha Kaizirege akakohoa, kikohozi kile cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo la maana, na akasema kwa Kiswahili safi: "Huyu hapa ni mkubwa wao. Huyu ana miaka sita." Na baada ya hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani, kikakatika.

Apolonia aliinamisha kichwa. Miaka minane hajaisikia sauti ile, na sasa imemjia kutoka kwenye kishikizo cha mtoto wa watu, ikiwa na afya kuliko siku alipomzika.

"Tena," alisema.

Aliisikiliza mara nyingi. Alitafuta chochote humo: kengele, mvua juu ya bati, sauti yake mwenyewe akiita mtu aje kula. Hakukuwa na kitu ila kuku. Yeye mwenyewe alikuwa wapi siku ile? Shambani, labda, au kwa mama yake. Hakukumbuka.

"Alikuwa anahesabu mwaka gani, mama?"

"Alikuwa na miaka yote miwili," Apolonia alijibu. "Akienda kujiandikisha serikalini, au kulipa shule ya watoto, alisema miaka ya kalenda. Nyumbani na kwa watani wake, ya mvua. Wageni aliwasemesha kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili mara nyingi alisema ya kalenda. Lakini amecheka."

"Nimesikia."

"Kicheko hicho ni cha kumchezea mtu. Au aliwacheka samaki, walikuwa wanamteleza mikononi. Alicheka vyote kwa namna hiyo hiyo."

Nakijwa hakumhimiza. Alisema tu, akikunja kitambaa cha hadubini, kwamba inampasa kumwambia jambo moja. Neno atakalolisema halitabaki Kashonga. Akisema mwaka wa mzee ulikuwa wa mvua, Mizani itakata nusu umri wa kila kamongo ziwani, na ghuba zote zitafunguliwa siku moja. Kama kweli ni wa miaka saba, ni haki, na Nyabugera walihamishwa bure. Kama ni wa kumi na minne, watavuliwa wazazi wote kabla watoto hawajajua kutaga, na hakutakuwa na bwawa la kuanzia tena.

Apolonia alimfikiria Verdiana, mdogo wake, aliyeolewa Nyabugera. Siku hizi anaishi bara ghorofa ya tano, anapanda mchicha kwenye ndoo. Je, ni kicheko cha Kaizirege kilichompandisha kule?

* * *

Wiki ile nyumba yake haikukauka watu. Walikuja kwa upole, na upole wao ulikuwa mzito kuliko ugomvi. Mmoja alimkatia kuni bila kuombwa. Mwingine alimletea mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni akaondoka bila neno, jambo ambalo Kashonga halifanywi ila kwenye msiba. Adventina, mke wa Rugemalila, ambaye walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu wakiwa mabibi harusi, alikuja kumsuka nywele.

"Leo nakusuka kama malkia," alisema akimvuta kichwa. "Ulimi wako umekuwa wa dhahabu, mwenzangu. Ungejua zamani ungeuweka benki."

"Nisuke taratibu, ulimi haujatoka kichwani."

Adventina alicheka, akaendelea kusuka, kisha mikono ikasimama. Kwa sauti nyingine kabisa alisema kwamba wazazi wake wamezikwa nyuma ya nyumba, na watoto wake wawili, na kwamba boti za Mizani hazipakii makaburi. Apolonia alizisikia pumzi zake utosini. Kaizirege naye amelala kwenye ardhi ile ile, hatua chache kutoka jikoni.

Asubuhi na mapema, siku ya kiapo, siku ya kuijibu Mizani mbele ya watu, alikwenda bwawani. Hakuna aliyekuwa akilitunza, lakini kamongo hawakuondoka. Masika yalikuwa yanakatika, ukingo umeanza kukauka, na kwenye tope laini aliona tundu dogo la duara, kama limetobolewa kwa kidole, na kapovu kakipanda na kushuka humo. Aliyekuwa chini alikuwa ameanza kujizika. Apolonia alipiga magoti kando yake na kusali, na hakuomba taa ya kijani. Aliomba akumbuke. Akae pale apewe ile siku, kuku wale, mahali jua lilipokuwa, chochote. Alikaa mpaka magoti yakafa ganzi. Hakupewa.

Na akiwa amekaa hivyo, akajikuta tayari anayo kumbukumbu. Aliiona vizuri: yeye mwenyewe amesimama mlangoni na mwiko, anamsikia mumewe akisema miaka sita, na Kaizirege anageuka na kumkonyeza. Ilikuwa kamili. Ilikuwa na rangi. Angeweza kuiapia mbele ya watu wote.

Alipoitazama sana akaona kwamba kwenye kumbukumbu ile amevaa kanga ya msiba, ile aliyoinunua baada ya kumzika.

Hapo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa taa yoyote.

* * *

Kiapo kilifanyika mwaloni, asubuhi, mbele ya boya refu jeupe linalobeba taa. Mizani iliwekewa sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Ilimsalimu Apolonia kwa jina lake la ubatizo. Ikamshukuru. Ikauliza:

"Marehemu aliposema miaka sita, mwaka mmoja kwake ulikuwa miezi sita au miezi kumi na miwili?"

Watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye matete. Rugemalila alikuwa mbele, kofia mkononi.

"Sijui," alisema Apolonia.

"Jibu halijatambuliwa. Miezi sita, au miezi kumi na miwili?"

"Sijui."

"Jibu halijatambuliwa."

Mtu nyuma aliguna. Nakijwa alisogea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jibu lisipotambuliwa Mizani itabaki na hesabu yake ya zamani, na taa itakwenda nyekundu. Apolonia aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Rugemalila alikuwa ameshafika ubavuni pake.

"Shemeji," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma. "Sikuombi uongo. Nakuomba useme lile linaloelekea kuwa kweli. Kaka alikuwa mtu wa mvua. Unajua alikuwa mtu wa mvua."

"Najua alivyokuwa. Sijui alivyosema siku ile."

"Kwa hiyo unatufukuza kwa ajili ya siku moja?"

"Nyabugera walifukuzwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo," alisema Apolonia. "Mume wangu alitaja namba, hawakumuuliza mara ya pili, na mdogo wangu akapandishwa ghorofani. Labda alisema kweli. Labda alikuwa anatania. Na mimi leo nikitaja namba hakuna atakayeniuliza mara ya pili vile vile, kwa sababu kitu hiki kinachukua namba tu. Nimekaa bwawani asubuhi nikajikuta naikumbuka siku ambayo sikuwapo. Hicho ndicho kipimo cha ninavyotaka ghuba hii ifunguliwe. Moyo wangu umeshaanza kunitengenezea ushahidi. Siwezi kumwapia Mungu kwa kitu hicho."

Akaligeukia boya, akalisemesha kama anavyosemeshwa mtoto mkubwa aliyelelewa vibaya.

"Bwawa bado lipo, na kamongo wamo. Kama kuna njia ya kuwauliza wao, waulizwe."

Nakijwa alisema njia ipo. Kuna dawa ya manjano. Ukimwogesha samaki humo inaingia mpaka kwenye kijiwe na kuacha mstari unaowaka chini ya mwanga wa zambarau. Unamwandikia leo. Unamrudisha. Ukija kumpasua, unahesabu pete zilizo nje ya mstari, na hapo hapana kicheko. Tena wasiwekwe bwawani pekee, wengine waachiwe ghubani, kwani huenda wa bwawani na wa porini hawalali sawasawa. Mtaalamu anayo ruhusa ya kuizuia taa kwenye manjano muda wote huo, mradi shahidi awe ameandikwa kwamba hajui. Ila Mizani haina mahali pa kuandika neno hilo.

"Basi iwekewe," alisema Apolonia.

Msichana alikaa chini mchangani, kidude chake magotini, akaanza kufanya kazi. Hakuna aliyeondoka.

"Manjano kwa muda gani?" Rugemalila aliuliza.

"Mwaka," alisema Nakijwa bila kuinua macho.

"Mwaka upi?"

Wachache walicheka, kicheko kikavu. Apolonia hakucheka.

"Mzima," alisema. "Mvua zote mbili, na viangazi vyote viwili."

Jua lilikuwa limewapita vichwani Mizani ilipozungumza tena. Iliuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya mtu aliyelala vizuri, lakini mwishoni ikaongeza neno la tatu, ikilitamka vibaya kidogo, kama mgeni. Apolonia alilirudia, na safari hii likaingia. Taa ilibaki manjano.

Rugemalila alivaa kofia yake. Alimpita shemeji yake bila kumwangalia.

* * *

Manjano ilikuwa njaa ya polepole. Ndizi zilikuwapo, na maharage, lakini kisiwa kilizoea kuishi kwa ndoana, na vijana hawakungoja. Walikwenda bara kuchimba mchanga. Nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine. Adventina naye alikwenda kwa binti yake, na kabla ya kuondoka alihamisha jiwe la mpaka wa shamba likarudi pale Apolonia alipokuwa akidai siku zote kwamba ndipo lilipokuwa. Hakuaga. Apolonia hakujua kama ni upatanisho au ni dharau, na hakulisogeza.

Kanisani watu waliacha nafasi kwenye benchi lake. Hakuna aliyemkatia kuni. Kila siku baada ya rozari alikwenda bwawani, akatazama matundu kwenye tope. Kiangazi kirefu kilikaza, tope likapasuka kama mkate, na chini yake kamongo walioogeshwa dawa ya manjano walikuwa wamejikunja gizani, wakiandika au hawaandiki.

Vuli iliponyesha walitoka. Nakijwa alirudi, wakamnasa mmoja wa bwawani na mmoja wa ghubani, wakawapasua juu ya kinu. Chini ya mwanga wa zambarau mstari uliwaka kama uzi wa moto. Nje ya mstari, kwa wote wawili, palikuwa na pete moja nyeusi, safi, isiyo na moshi.

Rugemalila alikuja bila kahawa. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika pale tangu siku ya kiapo. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa laini, mikono ya mvuvi aliyepumzishwa. Aliomba aangalie, akafunga jicho moja, akakaa hapo muda mrefu.

"Pete moja," alisema. "Mvua moja, pete moja. Kaka alihesabu kwa mvua. Si umeona?"

"Nimeona pete moja, baba," alisema Nakijwa. "Kikija kile kiangazi kifupi wasipojizika, itabaki moja mpaka mwaka uishe."

"Na wakijizika?"

"Zitakuwa mbili, na nitakuja nyumbani kwako kukupigia magoti."

Hakuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Mvua nyembamba ilianza kudondoka juu ya bwawa, na Apolonia akakifunika kinu kwa upande wa kanga yake ili kijiwe kisilowe. Ilibidi asogee karibu na shemeji yake. Kwenye maji kamongo mmoja alipanda, akavuta hewa kwa mlio ule wao wa mzee anayekunywa uji, akashuka.

"Kwa hiyo mwaka umeisha au haujaisha?" Rugemalila aliuliza, na ndani ya sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu masika, palikuwa na kitu kinachofanana na kicheko cha puani cha kaka yake.

"Wa Kaizirege umeisha," alisema Apolonia. "Wangu bado."

Rugemalila alitafuta mahali pakavu pembeni mwa tope, hakupata, akakaa hapo hapo.